Kiti cha Mama Halo

Mtaa mzima ulimwita Mzee Laini, na asikudanganye mtu kwamba jina hilo lilitokana na tabia. Kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Ulaini wake ulikuwa kwenye viti. Kochi likipita mikononi mwake, ukilikalia linakupokea polepole, linakuzamisha, na ukitaka kuinuka unahitaji sababu nzuri. Mteja mmoja aliwahi kumrudishia seti nzima akilalamika kwamba tangu aiweke sebuleni, wakwe zake wakija kusalimia hawaondoki. Mzee Laini alimsimulia kila mteja mpya kisa hicho, na kila alipokisimulia, wakwe walikaa siku nyingi zaidi.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye milango miwili mipana iliyofunguka barabarani. Ndani kulikuwa na fremu za viti zilizovuliwa nguo zikisubiri zamu, marobota ya ngozi na vitambaa, magunia ya usufi, mabamba ya sponji yaliyopangwa kwa unene, na cherehani kubwa ya kushonea ngozi iliyokuwa inakaribiana naye kwa umri. Jua la asubuhi likiingia, nyuzi za usufi zilizoelea hewani zilimeremeta, zikapanda na kushuka bila haraka, na mtu aliyetoka kwenye makelele ya barabara alijikuta ameshusha sauti bila kuambiwa. Mlango wa nyuma ulikwenda jikoni, na jikoni ndiko alikokuwa mkewe.

Mke huyo ndiye Mama Halo. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa ya mji, na watu walisema halo yake peke yake ilikuwa nusu ya matibabu. Alijua kwa pumzi tu kama anayepiga anatafuta daktari au anatafuta mtu wa kumlilia. Akishasema halo alinyamaza kidogo, akakuachia nafasi, hata mwenye kigugumizi akapata pa kuanzia. Na katikati ya simu moja na nyingine aliimba kwa mdomo uliofumbwa, wimbo usio na maneno wala mwisho. Aliuimba kazini, aliuimba jikoni, na mumewe anaapa kwamba aliuimba hata usingizini.

Kisha akaugua. Homa ilimlaza wiki nyingi, dawa kali zikamwokoa, na zikaondoka na masikio yake. Alirudi nyumbani mzima wa mwili, lakini dunia ilikuwa imezimwa. Bubu hakuwa. Alisema alipotaka kusema, ila alichoka kutoa maneno asiyoyasikia yakitoka, na sauti yake ikapungua hadi ikabaki ya shughuli tu: chai tayari, mvua inakuja, funga mlango. Mumewe alijifunza kumwandikia kwa chaki ya fundi kwenye vipande vya kitambaa, yeye akajifunza kusoma midomo, wakaelewana vizuri tu. Lakini wimbo ule ulikuwa umekatika, na Mzee Laini hakuwahi kuizoea nyumba isiyo nao. Hilo hakumwambia mtu.

Ndipo daktari wa meno wa mtaa wa pili alipoleta viti viwili vya gari.

Vilikuwa vya gari la mbio, lenye milango miwili, la rangi ya buluu iliyoiva, ambalo daktari alikuwa amelinunua likiwa limeshatumika na watu wasiojulikana katika nchi isiyojulikana. Viti vyenyewe vilikuwa vyembamba, vigumu, vyenye mbavu za kumbana mtu asiyumbe kwenye kona, na ngozi yake ilikuwa imepasuka mishono. Mzee Laini alikubali kuvivisha upya. Akakiweka kimoja sakafuni karibu na mlango, na baada ya chakula cha mchana akakikalia ili akipime, kama anavyopima kila kiti.

Basi, akapotea. Miguu ilinyooka mbele, mgongo ukalala, mikono ikajikuta imeshika usukani ambao haupo. Usufi ulipita mbele ya macho yake ukawa mawingu ya barabara ya juu mahali fulani, penye baridi, penye miti upande mmoja na bonde upande wa pili. Alipinda kona. Alipunguza mwendo kijijini asikanyage kuku. Mama Halo alipoingia na kikombe cha chai alimkuta mumewe amekaa sakafuni, amefumba macho, anainama kidogo kushoto. Akaweka chai taratibu, akasubiri amalize kona.

Ikawa mazoea. Kila mchana fundi alisafiri kidogo, na kazi ya viti vya daktari ikachukua muda kuliko ilivyostahili.

Siku ya kuvirudisha viti kwenye gari, daktari alikuwa na wagonjwa, akamwachia ufunguo. "Zungusha mtaani, fundi, uone kama vimekaa sawa." Mama Halo alikuwa amesimama mlangoni, na Mzee Laini akamwashiria apande kushoto, kwa sababu kiti kisipokaliwa hakisemi kasoro zake.

Akawasha. Gari lilitetemeka lote, kuanzia bampa hadi bampa, kwa sababu ya ubovu ambao fundi hakuujua siku hiyo. Mama Halo alikakamaa. Akaweka kiganja mlangoni, akakiondoa, akakirudisha. Kisha akaegemea, akafumba macho. Walipofika mwisho wa mtaa na injini ikapanda sauti, Mzee Laini alisikia kitu kingine chini ya mngurumo, akadhani ni mkanda unaolia. Haukuwa mkanda. Mkewe alikuwa anaimba, mdomo umefumbwa, ule ule wimbo wake, na ulipanda gari lilipopanda na kushuka liliposhuka.

Fundi nusura aingie kwenye duka la vyombo. Aliogopa kwamba akiutaja utaruka uende zake. Waliporudi karakanani, Mama Halo alibaki kitini, akamtazama mumewe kwa macho ambayo hakuwa ameyaona tangu enzi za simu.

"Kuna kitu kinaongea mgongoni," akasema. "Twende tena."

Walikwenda tena. Na jioni ile Mzee Laini akamuuliza daktari wa meno kama gari linauzwa.

Daktari alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayetaka kung'olewa jino zima. "Fundi, mimi nakuheshimu, ndiyo maana nakwambia. Kulinunua ni rahisi. Kazi ni kulitunza. Hili ni gari la mtu mwenye magari mengine."

"Mimi nalitaka hili tu," akasema Mzee Laini.

Kipenda roho hula nyama mbichi. Aliikabidhi akiba ya cherehani mpya, akaahidi kuvalisha viti vyote vya chumba cha kusubiri cha daktari bila malipo, na gari likalala karakanani kwake, likiwa limechukua nafasi ya makochi matatu. Kwa nini alilinunua hakumweleza mtu, hata mkewe. Mtaa ukajijibu wenyewe kwamba mzee ameota pembe za ujana. Mama Halo naye, akikumbuka zile safari za sakafuni, aliamini kwamba mumewe amepata kitu alichokuwa anakiota kila mchana, akamfurahia. Hapo ndipo lilipoanzia kosa, maana kila mmoja alidhani gari ni la mwenzake.

Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake waliwahi kununua gari la mbio lililotumika, mimi siamini vinginevyo. Kunguni wa kwanza alitoka wiki ile ile. Gari lilikuwa chini mno, na kila tuta la mtaani lililiparua tumbo kwa sauti iliyowafanya wapita njia wakunje nyuso. Mzee Laini alijifunza kuyavuka matuta kwa mshazari, tairi moja moja. Kisha betri: gari likikaa siku chache bila kuwashwa, linazima kabisa kama lililosusa. Kisha mafuta. Lilikunywa yale ya bei ya juu tu, yaliyouzwa kituo kimoja upande wa pili wa mji, na kufika huko na kurudi lilikuwa limeshakunywa sehemu nzuri ya yale liliyoyafuata. Tairi za nyuma, pana na laini, ziliisha mapema kama sabuni. Wakala wa bima alipoambiwa aina ya gari alicheka kwanza, akaomba radhi, halafu akataja bei iliyomfanya fundi naye acheke.

Aliyekuwa akiitwa kila mara ni shemeji. Huyu ni mdogo wake Mama Halo, fundi wa magari mwenye gereji nyuma ya soko, mtu mwembamba anayeongea akiwa ameingiza kichwa kwenye injini, hivyo maneno yake mengi hupokelewa na injini kwanza.

"Shemeji," alisema siku klachi ilipokufa, "hili gari umelinunua, au limekununua wewe?"

"Tengeneza."

"Natengeneza. Ila klachi yake haipo hapa mjini. Inaagizwa, inakuja na meli, na meli haina haraka. Halafu kuishusha lazima ushushe nusu ya gari. Na nikiwa huko ndani nitaona mengine. Nikiyaona nikwambie, au ninyamaze?"

"Niambie."

"Basi kaa chini kwanza."

Rejeta ilikuwa inavuja polepole. Oili ilitoroka nyuma ya injini na nyingine iliungua, hivyo ilibidi kuongezwa kabla ya kila safari. Shokapu zilikuwa zimechoka. Diski za breki zilikuwa zimepinda kwa moto wa watu wasiojulikana wa nchi isiyojulikana. Mtu fulani alikuwa amechezea kompyuta ya gari ili likimbie zaidi, na taa ya manjano ya kwenye dashibodi iliwaka na kuzimika ilipojisikia. Kila kitu kilikuwa na tiba, na kila tiba ilikuwa na bei ya gari jipya la kawaida lililokatwa vipande.

Mzee Laini alilipa. Alikubali kazi za mbali, alivalisha viti vya kumbi na vya saluni, alishona mpaka vidole vikavimba. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu akasema, "Baba, liuze. Unaumwa?" Akajibiwa kwamba baba yake haumwi, ana shughuli. Maana fundi alikuwa na hesabu yake moja tu. Kama gari bovu lilimrudishia mkewe kipande cha wimbo, likipona kabisa si litamrudishia wote?

Na kwa sababu hakuweza kukaa bila kufanya lake, akaugeukia ujuzi wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi wetu alikuwa amesifiwa maisha yake yote kwa jambo moja. Alikitazama kile kiti cha kushoto, chembamba na kigumu, akamwonea huruma mgongo wa mkewe. Akakifumua. Akaweka sponji nzito chini, nyepesi juu yake, kisha tabaka la usufi aliouchambua kwa mkono, akavisha ngozi laini kuliko ya glavu. Alipomaliza alikikalia, akakubali moyoni kwamba hajawahi kutengeneza kiti kama kile. Kwa ulaini ni kweli. Alikuwa amewazamisha wakwe wa dunia nzima, sasa akamzamisha mkewe.

Mama Halo alikaa, akatabasamu, akagusa ngozi. "Laini sana, mwenzangu," akasema.

Safari hiyo hakuimba.

Fundi alidhani ni injini. Gari likarudi kwa shemeji, klachi ikaingia, shokapu zikaingia, na mwisho kabisa shemeji akabadilisha mipira inayoshikilia injini ili isiguse chuma cha gari. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki vibanzi. "Hii ndiyo ilikuwa inakutetemesha," akasema kwa fahari. "Sasa weka kikombe cha chai hapa juu, washa, uone kama kitamwagika." Kikombe kikawekwa, gari likawashwa, na chai ikatulia kabisa.

Jumapili yake walitoka nje ya mji, mume na mke, katika gari lililopona. Barabara ilikuwa tupu, jua la asubuhi limelala juu ya mashamba, na gari lilikwenda kama usingizi unavyomjia mtu aliyeshiba. Mzee Laini aliendesha huku ametega sikio lake la kushoto. Alisubiri kwenye mlima, alisubiri kwenye tambarare, alisubiri walipovuka daraja. Mkewe alitazama dirishani, mikono mapajani. Alikuwa kimya kama alivyokuwa jikoni, na kwenye ile njia nzuri fundi alihisi moyo wake unashuka taratibu, mpaka ukafika chini.

Waliposimama kupumzika akachukua kitambaa na chaki akaandika: *Vipi?*

"Zuri," akasema Mama Halo, na kwa kuwa alimpenda akaongeza, "Limepoa. Umefanya kazi kubwa." Kisha akageuza uso upande wa mashamba.

Zikapita wiki. Mama Halo akaanza kupata udhuru wa kubaki nyumbani. Na mchana mmoja, wakinywa chai, akamwambia kwa ile sauti yake ya shughuli: "Mwenzangu, vidole vyako vinaniuma mimi. Kama bado unalipenda, libaki. Kama ni mazoea tu, liuze ununue cherehani."

Fundi alimtazama. Jibu alilokuwa akilitafuta miezi yote akadhani amelipata: wimbo ulikuwa bahati ya siku moja, na bahati haina gereji. Akaandika kwenye kitambaa cha kochi la mteja: *Nitauza.*

Mnunuzi alipatikana haraka, maana gari lililopona lina wachumba wengi. Alikuwa mpiga picha wa harusi aliyetaka gari la kupigia picha maharusi. Alilizunguka, akalipenda, akakaa kushoto, akazama, akashindwa kutoka hadi akavutwa mkono.

"Mzee wangu," akasema akijifuta jasho, "gari nimelikubali. Lakini hiki kiti hapana. Bibi harusi akikaa hapa picha itatoka shela tupu. Kifanye kigumu kama cha mwanzo, kesho alasiri nakuja na hela."

Mzee Laini alicheka kwa adabu, ingawa neno lile lilimchoma. Kesho yake asubuhi akakifungua kiti chote, akakitoa, akakiweka juu ya meza ya kazi. Upande wa kushoto wa gari ukabaki chuma kitupu.

Adhuhuri mteja mwingine akaja kuchukua sofa lake la watu wanne, na gari lilikuwa limeziba mlango. Ikabidi lisogezwe nje. Mama Halo wakati huo alikuwa ameinama ndani yake, anatoa mtandio wake uliosahaulika kwenye mfuko wa mlango. Alipomwona mumewe anaingia na ufunguo, badala ya kutoka alitandika gunia kwenye chuma, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye bati la nyuma. Labda alitaka kuliaga. Fundi hakumkataza. Akawasha.

Injini iliunguruma kwa adabu yake mpya. Fundi akaweka gia ya nyuma, akageuza kichwa kutazama barabarani, na akabaki hivyo hivyo, shingo imegeuka.

Wimbo ulikuwepo. Mdogo, unatafuta njia, lakini upo.

Akazima gari. Wimbo ukakatika. Akawasha, na ukarudi, kutoka pale pale ulipoachwa. Akazima tena, na mkewe akafumbua macho akamtazama kama mtu aliyekatiwa simu. Mteja wa sofa, aliyekuwa ameshika ncha moja ya mzigo wake mlangoni, aliuliza kama kuna tatizo.

Mzee Laini alitazama gunia jembamba. Akatazama meza ya kazi, kile kiti chake kilichofumuliwa, sponji juu ya sponji, usufi mweupe umefurika pembeni. Alielewa yote kwa mara moja, na alijisikia aibu na furaha kwa kiasi sawa. Ile sauti iliyokuwa ikiongea mgongoni mwa mkewe, yeye mwenyewe, kwa mikono hii iliyovimba, ndiye aliyeifungia kwenye pamba. Shemeji akaimalizia kwa mipira mipya, na yeye akamlipa.

Akachukua chaki mfukoni, akaandika juu ya dashibodi nyeusi: *Unaimba.*

Mama Halo alisoma. Aliweka vidole kooni, akaviacha hapo, na machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Nilidhani ile sauti imeniacha," akasema. "Ile siku ya kwanza nilisikia kwa mgongo, mwenzangu, kama zamani. Halafu kila safari ikawa inapungua. Nikajua na hicho nacho kinaondoka, kama masikio. Sikutaka kukuharibia gari lako."

"Gari langu?" akasema Mzee Laini, na mkewe akasoma midomo yake. Alipiga kifua chake, akatikisa kichwa, akamnyooshea kidole yeye. Ilibidi arudie mara kadhaa, maana mkewe hakuamini.

Mpiga picha alifika alasiri, nadhifu, amebeba bahasha. Alimkuta fundi amekaa mlangoni.

"Karibu," akasema Mzee Laini. "Kabla hatujafika mbali, nikueleze gari."

Akamweleza. Alianza na matuta, akaenda kwenye mafuta ya upande wa pili wa mji. Alimweleza tairi zinavyoisha na bima inavyocheka. Alieleza meli isiyo na haraka, oili inayotoroka, betri inayosusa, na ile taa ya manjano ambayo hata kompyuta yenyewe haijui inataka nini. Alisema maharusi watakwama juani huku rejeta inachemka. Alizungumza kwa ufasaha wa mtu aliyelipia kila neno, na bahasha ikarudi mfukoni taratibu.

"Mbona jana hukusema?" akauliza mpiga picha.

"Jana nilikuwa nauza."

Baada ya hapo alikwenda gereji, akamkuta shemeji kichwa kiko ndani ya lori.

"Ile mipira ya injini uliyoitoa," akasema, "nirudishie."

Kichwa kikatoka. "Shemeji, watu huleta gari hapa litengenezwe."

"Nataka litetemeke."

"Litetemeke kwa nani?"

"Kwa dada yako," akasema Mzee Laini, akamweleza. Shemeji alisikiliza akifuta mikono, akaendelea kuifuta muda mrefu baada ya kuwa safi. Aliukumbuka wimbo ule. Alikuwa amelelewa nao mgongoni, akibebwa na dada yake mtoto mwenzake, mama yao akiwa kazini.

"Ile mibovu siirudishi," akasema mwishowe. "Injini ya dada yangu haitaninginia kwenye vibanzi. Lakini kuna mipira migumu, ya watu wa mashindano, haizuii mtetemo hata kidogo. Nitakukatia mwenyewe kwenye mpira wa lori. Ila nakuonya, itakutikisa meno mpaka ulirudishe gari kwa daktari wake."

Kiti alikitengeneza fundi peke yake. Kilikuwa kazi ngumu kuliko kile cha usufi, kwa sababu mikono yake ilitaka kulainisha na ilibidi aizuie. Aliweka ubao uliochongwa kufuata mgongo wa mkewe, akaufunga kwenye chuma kwa boliti bila kitu katikati, akalaza juu yake blanketi moja jembamba, kisha ngozi, akaivuta hadi ikalia kama ngoma. Mteja aliyeingia akakikalia kwa mazoea ya kukalia kila kitu, akaruka, akamuuliza kama siku hizi haoni vizuri. Mzee Laini, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakubisha.

Walitoka asubuhi, njia ile ile ya mashamba. Cherehani mpya haikununuliwa, na ile kuukuu ilibaki karakanani ikiwa na kazi za mwaka mzima. Gari lilitetemeka hadi vioo vikalia. Mama Halo aliketi wima kwenye kiti kigumu kuliko vyote alivyowahi kukalia, mgongo wote umegusa ubao, macho amefumba. Alianza kuimba kabla hawajamaliza mtaa. Mlimani injini ikapanda, wimbo ukapanda nayo. Kileleni, barabara iliponyooka na mji kubaki nyuma, akaacha kuimba, na fundi akashtuka, akageuka kumtazama.

Mkewe alikuwa amenyoosha shingo kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani taa ya simu ilipowaka.

"Halo," akasema.

Ilikuwa ile ile, nzima, yenye joto lake lote. Akanyamaza baada yake, akaacha nafasi, akisubiri upande wa pili useme.

Mzee Laini akakanyaga mafuta, akamjibu.